Pikipiki ya Marehemu

Wakala wa bima pale Moshi aliniangalia, akaiangalia helmeti niliyoikumbatia kifuani, kisha akauliza swali ambalo ningeulizwa tena na watu wengine wanne kabla wiki haijaisha: "Dada, Taveta si hapo tu? Kwa nini usiiache pikipiki Holili, ukavuka kwa miguu, ukapanda boda upande wa pili?"

Alikuwa na haki. Kutoka Himo hadi geti la Holili ni kama dakika ishirini ukiendesha kwa adabu. Watu huvuka asubuhi kwenda sokoni Taveta na jioni wako nyumbani wanapika. Hakuna anayehitaji kukaa siku mbili akifukuzia karatasi ili aingize nchi jirani pikipiki ya Kichina yenye taa moja iliyofungwa kwa waya.

Jibu langu halikuwa fupi. Lilikuwa ndani ya bahasha ya kaki niliyoiweka mezani kwake: kadi ya pikipiki yenye jina la baba, cheti cha kifo chenye jina hilohilo, karatasi za Mahakama ya Mwanzo zinazomtaja baba mdogo kuwa msimamizi wa mirathi, barua ya baba mdogo inayoniruhusu kuitumia pikipiki nje ya nchi, leseni yangu yenye daraja A, pasipoti, na kadi ya kliniki ya mtoto aliyezaliwa 1977. Hiyo ya mwisho wakala aliirudisha bahashani bila kuuliza. Nadhani alifikiri imeingia humo kwa bahati mbaya.

Bibi yangu mzaa baba ni Mtaveta. Aliolewa Himo mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati ambapo kuolewa Himo ukitoka Taveta kulikuwa sawa na kuolewa kijiji cha pili. Baba aliponunua pikipiki, jambo la kwanza alilomwambia mama yake ni kwamba atampeleka Taveta akamwone mdogo wake. Bibi alijibu neno moja tu: "Siendi." Baba akacheka, akaendelea kuahidi, na mwaka juzi akafariki kabla hajampeleka popote. Kisha mwezi wa saba ukaja ujumbe kwamba yule mdogo mtu, ambaye sisi tunamwita bibi mdogo, ameanguka na hatembei tena. Bibi akaniita.

"Nenda wewe. Magoti yangu hayapandi pikipiki. Lakini nenda na pikipiki ya baba yako. Asikuone umeshuka kwenye boda kama mpita njia."

Nasoma uzamili wa historia, na kwa miezi mingi nilikuwa nimeusoma mpaka huo kwenye mafaili. Kuuvuka kwa gurudumu lenye jina la mtu aliyekufa ni somo lingine.

Tuanze na mstari wenyewe. Mwishoni mwa 1886 Uingereza na Ujerumani ziligawana Afrika Mashariki kwa maandishi, na Julai 1890 zikayathibitisha maandishi hayo na kuyapanua. Mstari unaanza mdomoni mwa mto Umba, unakwenda moja kwa moja hadi ziwa Jipe, unalizunguka upande wa mashariki na kaskazini, unavuka mto Lumi, kisha unapita katikati ya nchi ya Wataveta na nchi ya Wachagga kabla ya kuambaa chini ya Kilimanjaro upande wa kaskazini na kukimbilia ziwa Victoria. Wengi wetu tumesikia, hasa kutoka kwa waongoza watalii, kwamba mstari umepinda pale mlimani kwa sababu Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kaiser zawadi ya siku ya kuzaliwa. Ni hadithi tamu, lakini Wilhelm alikuwa Kaiser mwaka 1888, na mstari ulikuwa umekwisha kupinda miaka miwili kabla.

Kinachonisumbua mimi ni hilo neno "katikati". Waliokuwa wakiandika waliamini kwamba kati ya Wataveta na Wachagga kuna nafasi tupu inayoweza kupitishwa kalamu. Taveta ilikuwa kituo cha misafara kutoka pwani, mahali penye msitu, maji na ndizi ambapo wapagazi walipumzika na kununua chakula kabla ya kuendelea bara. Katikati ya hao wawili palikuwa na njia za miguu, siku za soko, madeni ya mbuzi na wake walioolewa ng'ambo. Hakuna mojawapo ya hayo lililoonekana London wala Berlin.

Agosti 1914 Wajerumani waliuvuka mstari na kuikalia Taveta. Februari 1916 jeshi la Waingereza na Makaburu lilipigwa pale kilima cha Salaita, na Machi likarudi na nguvu zaidi na kupita. Katika vita hivyohivyo Waingereza walitandaza reli kutoka Voi, ikapita Taveta, ikaungana na reli ya Wajerumani ya Tanga na Moshi pale Kahe. Kwa hiyo mpaka uliochorwa kwa kalamu ulishonwa kwa chuma. Baada ya vita Tanganyika ikawa chini ya Waingereza, na kwa miaka zaidi ya arobaini pande zote mbili za Lumi zilikuwa na mtawala mmoja. Shilingi ilikuwa moja tangu 1921. Hata magari yalibandikwa jina la ukoo mmoja. Mkataba wa Paris wa 1909 ulikuwa umetaka kila gari linalovuka mpaka liwe na kibao chenye umbo la yai na herufi za nchi yake, na huku kwetu Kenya ikawa EAK, Uganda EAU, Tanganyika EAT na Zanzibar EAZ. EA ni East Africa. Herufi hizo ziko hai hadi leo. Ukiona lori la mafuta limebandikwa EAT nyuma, unasoma masalia ya mkoloni aliyefikiri sisi ni shamba moja lenye vyumba vinne.

Lakini usidhani kwamba mlango uliokuwa wazi kwa gari ulikuwa wazi kwa mtu. Kuanzia mwaka 1920 hivi, kila mwanamume Mwafrika wa umri wa kufanya kazi nchini Kenya alitakiwa kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole na historia ya ajira zake, iliyokaa ndani ya kopo la chuma lililoning'inizwa shingoni. Kilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyomfanya Harry Thuku akusanye umati Nairobi, hadi akakamatwa mwaka 1922. Mara nyingi nimefikiri kwamba historia ya hati katika nchi zetu haikuanzia kwenye safari. Ilianzia kwenye kuzuia watu wasiondoke kazini. Safari ilikuja kuongezwa baadaye, juu ya kopo lilelile.

Wakala alinirudisha kwenye siku yangu. Aliichukua bima ya pikipiki, ambayo ni bima ndogo, ile ya kumlipa mtu wa tatu tu, akaangalia tarehe ya kwisha, akatingisha kichwa. "Hii haivuki."

Bima ndogo yetu inaishia mpakani. Sheria ya kumlazimisha mwenye chombo awe na bima ilitungwa Uingereza mwaka 1930, baadaye makoloni yakaiga, na baada ya uhuru kila nchi ikabaki na sheria yake, viwango vyake vya fidia na mahakama zake. Nikimgonga mtu Himo, kampuni yangu inajua pa kwenda. Nikimgonga mtu Taveta, kwa bima hiyo peke yake, yule mtu hana mahali pa kudai. Mimi nitakuwa nimesharudi Tanzania, na yeye amebaki hospitalini na mguu wake na namba ya pikipiki inayoanza na MC.

Ulaya ilikutana na tatizo hilo baada ya Vita vya Pili na mwaka 1953 ikaanzisha kadi ya kijani. Sisi tulichelewa, na sababu za kuchelewa ni sehemu ya kisa hiki, nitazifikia. Desemba 1981 nchi za mashariki na kusini mwa Afrika zilitia saini Lusaka mkataba wa eneo la biashara la upendeleo, PTA, uliokuja kuzaa COMESA mwaka 1994. Ndani ya mkataba huo, mwaka 1986, zikakubaliana juu ya bima ya pamoja ya mtu wa tatu, na mwaka 1987 kadi zikaanza kutolewa. Rangi yake njano. Jina lake, kwa wakala, kwa trafiki na kwa dereva wa lori, ni kadi ya njano basi.

Utaratibu wake ni wa kijanja kwa namna isiyo na makeke. Kampuni iliyokukatia bima ya nyumbani inakuandikia na kadi, ikiongeza malipo kidogo. Kila nchi mwanachama ina ofisi moja ya kadi hizo, na ofisi hizo zimeahidiana. Nikisababisha ajali Kenya, ofisi ya Kenya inamshughulikia aliyeumia kwa kiwango cha sheria ya Kenya, kana kwamba amegongwa na jirani yake, halafu inadai fedha zake kutoka Tanzania. Kadi inabeba pia matibabu ya dharura ya dereva na abiria. Haibebi pikipiki yenyewe. Ikiibwa Taveta, imeibwa, ikivunjika, imevunjika. Nilimwambia wakala sijali, kwa sababu taa yenyewe imefungwa kwa waya.

Nilipokuwa namsubiri aandike, nikafikiri kwamba katika hati zote zilizokuwa bahashani, hii ndiyo pekee isiyonihusu. Pasipoti inasema mimi ni nani. Leseni inasema naweza nini. Kadi ya pikipiki inasema chombo ni cha nani. Kadi ya njano inamzungumzia mtu nisiyemjua, ambaye labda kesho atavuka barabara bila kuangalia kulia. Jambo jingine ambalo wakala aliniambia kwa fahari ya mtu wa fani ni kwamba Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini haikujitoa kwenye kadi. Siasa iliondoka, bima ikabaki. "Malori yangevukaje?" aliuliza.

Nilipaswa pia kuwa na kadi ya njano ya pili, ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo nilikuwa nimechanjwa zamani na tangu 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, sindano moja inatosha maisha yote. Kwa hiyo upande huo nilikuwa salama. Pasipoti nayo nilikuwa nayo. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda walikubaliana mwaka 2014 kuvuka kwa vitambulisho vya taifa. Tanzania haikuingia, na kwa hiyo kitambulisho changu cha NIDA kilibaki mfukoni kama picha ya familia.

Shida ilikuwa kadi ya pikipiki. Baba alikuwa ameinunua kwa fedha taslimu, akaiandikisha kwa jina lake, na baada ya msiba hakuna aliyekuwa na moyo wa kuhamisha umiliki. Kuhamisha kunataka msimamizi wa mirathi, msimamizi anataka muhtasari wa kikao cha ukoo, kikao kinataka ukoo ukae, na ukoo wetu ukikaa hujadili shamba, haujadili pikipiki. Baba mdogo alipopata karatasi zake za mahakama, alinisaini barua ukurasa mmoja, tukaenda kuigongesha muhuri kwa wakili. Wakili naye aliuliza kwa nini nisipande boda.

Nadhani ni haki niseme neno hili "boda" limetoka wapi, kwa sababu watu waliolitamka mbele yangu wiki ile hawakujua wanachonikumbusha. Maelezo yanayokubalika zaidi yanalipeleka Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, katika miaka ya sitini na sabini. Kati ya geti la Kenya na geti la Uganda palikuwa na umbali wa kutembea. Basi au gari likitaka kuvuka lilihitaji karatasi zake. Abiria aliyeshuka upande mmoja alihitaji kufika upande wa pili tu. Vijana wenye baiskeli wakafunga kiti nyuma, wakaanza kuita abiria: boda, boda, yaani mpakani, mpakani. Baiskeli haikuwa na kadi wala bima, na hakuna aliyeiuliza. Kwa hiyo chombo ambacho leo kinabeba wanafunzi, wagonjwa na masanduku ya nyanya kote Afrika Mashariki kilipata jina lake kwa sababu kilikwepa makaratasi ambayo mimi nilikuwa nayakusanya. Wote walionishauri nipande boda walikuwa wananishauri kwa hekima ya Busia.

Sasa ile sababu ya kuchelewa.

Desemba 1967 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kazi, makao makuu yakiwa Arusha. Reli, bandari, posta na ndege vilikuwa vya pamoja. Miaka kumi haikufika. Amin alipindua Uganda Januari 1971 na Nyerere akakataa kukaa naye meza moja. Kenya ya soko huria na Tanzania ya Ujamaa zikatupiana maneno kwenye magazeti. Madeni ya mashirika ya pamoja yakawa hayalipiki. Mwanzoni mwa 1977 shirika la ndege la Afrika Mashariki lilisimama, Kenya ikaanzisha lake, na Februari Tanzania ikafunga mpaka na Kenya. Magari ya watalii ya Kenya yaliyokutwa ndani yakazuiwa. Reli ya vita iliyopita Taveta ikakosa treni. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983, baada ya Victor Umbricht, msuluhishi kutoka Uswisi, kuzungusha marais watatu juu ya nani achukue mali gani ya marehemu Jumuiya. Nilipokuwa nikisoma mafaili ya mgawanyo ule nilicheka mara moja, kisha nikaacha kucheka. Nchi tatu zilikaa kikao cha mirathi miaka mingi, nasi tumeshindwa pikipiki moja.

Katika vitabu, miaka hiyo karibu saba ni ya magendo: sabuni, dawa ya meno na mafuta ya Kimbo vikipita usiku njia za panya, na Sokoine akiwasaka wahujumu uchumi mwaka 1983. Vitabu havikosei. Lakini njia za panya hazikupitisha Kimbo peke yake.

Mama yake bibi alifariki mwishoni mwa Aprili 1978, Taveta. Habari ilifika Himo kwa mwanamke mchuuzi, kwa mdomo, siku ya pili. Bibi alimfunga mgongoni mtoto wake wa kwanza, aliyekuwa hajatimiza mwaka, akaondoka usiku na wanawake wengine wawili. Masika yalikuwa yamepamba moto. Anasema walipita mashambani, wakakaa chini ya mti hadi mwezi ukafichwa na mawingu, na walipofika mtoni maji yalikuwa juu. Aliingia. Katikati akateleza, akazama hadi shingo, akanyanyuka na mtoto akilia. Kilio kile ndicho kilichowaita mgambo. Hawakumpiga, hilo hulisema kila mara, kama vile anawadai watu wale haki yao. Walimgeuza tu, wakamsindikiza hadi barabarani.

Mtoto yule ndiye baba yangu.

Mpaka ulipofunguliwa, bibi alikwenda Taveta mwanzoni mwa 1984. Mdogo wake alimpokea mlangoni kwa sentensi moja, kwamba mama alizikwa na watoto wawili, wa tatu alikuwa na mume. Bibi akaonyeshwa kaburi, akarudi siku hiyohiyo, na hakusema lolote juu ya mto wala mgambo. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa hasira ambayo ilikuwa bado ya moto baada ya miaka arobaini: "Ningesema nini? Nilikuwa na ushahidi gani?"

Hapo ndipo mwanafunzi wa historia ndani yangu alipokosa la kusema. Pasipoti hugongwa muhuri wa kuingia na muhuri wa kutoka. Mwanamke aliyegeuzwa katikati ya mto hapewi muhuri. Nimepitia mafaili ya miaka ile nikiwatafuta watu wa namna yake, nikakuta magunia, masanduku na lita za mafuta, yote yamehesabiwa.

Siku mbili kabla sijaondoka, bibi alitoka chumbani na ile kadi ya kliniki. Karatasi imekuwa laini kama kitambaa. Ina mchoro wa uzito wa mtoto, nukta moja kila mwezi, zimeunganishwa kwa kalamu ya wino. Mstari unapanda vizuri hadi Aprili 1978. Mei unashuka ghafla, na pembeni muuguzi ameandika tarehe tatu, homa ya mapafu, apelekwe hospitali. "Mpe aone," bibi aliniambia. "Yeye alisoma kunishinda."

Siku ya safari niliondoka Himo saa moja na nusu asubuhi. Pale Holili, tangu utaratibu wa kituo kimoja ulipoanza mwaka 2016, ukienda Kenya husimami upande wa Tanzania. Unapita hadi jengo la Taveta, na humo maofisa wa nchi mbili wamekaa jirani. Mmoja anakutoa, wa pili anakuingiza. Kwa mtu wa miguu ni jambo la dakika chache. Kwa pikipiki ya marehemu ni jambo la saa moja na robo.

Uhamiaji hawakuwa na neno. Forodha ndipo kijana mpole wa Kenya alipoishika kadi, akasoma jina, akaangalia pasipoti yangu, akasoma tena jina.

"Hii pikipiki ni yako?"

"Ni ya marehemu baba."

"Pole sana." Akanyamaza kidogo. "Sasa yeye ndiye anayeingiza pikipiki, ama ni wewe?"

Lilikuwa swali halali. Kibali cha muda cha kuingiza chombo ni ahadi. Unaiambia serikali kwamba hukukileta kukiuza, kwamba kitarudi, na kwamba kisiporudi kuna mtu wa kudaiwa ushuru. Marehemu hadaiwi. Nikampa cheti cha kifo, karatasi za mahakama, barua ya baba mdogo. Alizisoma zote, mstari kwa mstari, kwa utulivu ambao sikuutarajia, kisha akaenda kumuuliza mkubwa wake. Nyuma yangu dereva wa lori alipumua kwa sauti. Kijana aliporudi, aliangalia kadi ya njano, akahakikisha Kenya haijafutwa kwenye orodha ya nchi, akachomoa karatasi ya mwisho bahashani.

"Na hii ya kliniki ni ya nini?"

"Ni ya huyohuyo marehemu."

Alinitazama kama mtu anayetaka kuuliza zaidi, halafu akaamua kwamba haimo kwenye kazi yake. Niliomba siku saba, nikapewa saba.

Nyumbani kwa bibi mdogo ni nje kidogo ya mji, barabara ya vumbi jekundu, migomba pande zote. Alikuwa amelazwa kwenye godoro barazani ili aone wapitao. Nilizima injini mbali kidogo, nikaisukuma pikipiki hadi uani ili asishtuke.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

Nikamtajia. Aliangalia pikipiki kwa muda mrefu kuliko alivyoniangalia mimi. Akauliza kama ndiyo ile ambayo baba aliahidi kumletea dada yake. Sikujua kwamba habari ya ahadi ile ilikuwa imevuka.

Nilimpa kadi baada ya chai. Sikuwa na maneno niliyoyaandaa, nikasema tu kwamba bibi amesema aone. Akaomba miwani. Aliusoma ukurasa wa kwanza, jina na mwaka, akageuza. Kidole chake kilianza chini kushoto, kikapanda na mstari mwezi kwa mwezi, polepole, kikafika Aprili, kikashuka. Kikasimama.

"Alikuwa na nini mtoto?"

"Mapafu. Walianguka mtoni."

"Mto gani?"

"Lumi. Usiku. Walikuwa wanakuja huku."

Hakusema kitu. Mjomba mmoja, mtoto wake, aliyekuwa akimenya ndizi, naye aliacha kumenya. Baada ya muda bibi mdogo alisema, bila kuniangalia, kwamba maiti ya mama ililala siku mbili zaidi kwa sababu ya kumsubiri mkubwa; kwamba wazee walikasirika kwa ajili ya mvua na harufu; kwamba yeye ndiye aliyewazuia wazee, na ndiye aliyeaibika asipotokea mtu. Kisha akamwambia mjomba ndizi zitaungua, ingawa bado hazijawekwa motoni.

Nililala siku tatu. Tulizungumza juu ya mambo mengine, bei ya mahindi, masomo yangu, kwa nini msichana anaendesha pikipiki. Asubuhi ya kuondoka nilimwomba kadi. Alikuwa ameiweka chini ya mto. Akasema, "Iache."

Nikasema ni ya bibi.

"Najua ni ya nani," akasema.

Forodhani kijana yuleyule alifunga kibali changu zikiwa zimebaki siku nne. Pikipiki ilirudi kama ilivyoahidiwa. Himo nilikuta bibi amekaa nje, akachukua bahasha kabla sijavua helmeti, akatoa karatasi moja moja na kuzipanga mapajani, ya mahakama, ya bima, ya chanjo, hadi bahasha ikawa tupu. Akaigeuza na kuitikisa.

"Amebaki nayo?"

"Amebaki nayo."

Akazirudisha nyingine ndani taratibu, akaikunja bahasha, akaniuliza kama pikipiki imekula mafuta mengi.